Elisi, Alisi na Binti wa Ndia Kuu: Juu ya Mhusika wa Kike Mwenye Ila katika Hadithi za Kuchekesha za Watoto

Ndia Kuu, barabara ipitayo katika Mji wa Kale wa Mombasa, haijageuzwa kuwa Njia Kuu. Mkutano wa mwaka 1928, ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, ulifanyika Mombasa penyewe. Uamuzi huo ukaingia katika kamusi, katika sarufi na katika vitabu vya shule, na watoto wa Mvita wakafundishwa kuandika njia, macho, kichwa na kucheka, hali nyumbani kwao walisema ndia, mato, kitwa na kuteka. Jina la barabara, hata hivyo, lilibaki kama lilivyokuwa, na ramani zote zaliandika hivyo. Tunaanza na jina hili kwa sababu suala tunalokusudia kulichunguza katika makala haya, ijapokuwa kwa nje laonekana kuwa suala dogo la fasihi ya watoto, kwa ndani ni suala la lugha. Mtoto wa kike mwenye ila, mtoto achekeshaye kwa ila zake, aweza kusema kwa Kiswahili kipi ndani ya kitabu?

Yafaa kwanza tueleze maana ya maneno yetu. Kwa mhusika wa kike mwenye ila hatukusudii msichana mwovu, wala yule ambaye mwandishi amemweka katika kitabu ili aangamie na wengine wapate funzo. Twamkusudia mtoto wa miaka saba au minane hivi ambaye husahau, hujisifu, hudadisi yasiyomhusu, husema ukweli pasipotakiwa na huficha ukweli panapotakiwa. Kitabu chake ni kifupi, kimegawanywa katika sura ambazo mtoto aweza kusoma moja kila jioni, na katika kila sura kosa lake ndilo liendeshalo hadithi. Likiondolewa kosa, hapana hadithi. Mwishoni huwa amejifunza kidogo, ila hajageuka kuwa mtu mwingine. Sura ifuatayo itamkuta na kosa jipya, na msomaji atafurahi kumkuta hivyo.

Lugha yetu si maskini wa maneno ya kumtaja mtoto wa namna hii. Tunaye mtukutu na mdadisi, na tunacho kiherehere, kimbelembele, kidomodomo na kisebusebu. Wanafunzi wa sarufi watatambua kwamba haya manne ya mwisho yamejengwa kwa namna moja: kiambishi ki- cha udogo, kisha shina lenye silabi zinazojirudia. Neno lenyewe lina mwendo wa kitoto. Mtu hawezi kulitamka kwa haraka bila kutabasamu. Na liko neno mtundu, ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha jambo lote. Mtundu ni mtoto asiyetulia, avunjaye vitu na kuwaudhi wakubwa. Lakini utundu ni ubunifu pia, na fundi au msanii husifiwa kwa utundu wake. Kiswahili, basi, kilikwisha kuona kwamba ila na kipaji hukaa katika nyumba moja. Waandishi wetu wa vitabu vya watoto, tukizungumza juu ya watoto wa kike, aghalabu wameichukua maana ya kwanza na kuiacha ya pili.

Wala masimulizi ya kale hayakuwa hivyo. Hadithi moja ijulikanayo sana pwani, ambayo Alice Werner aliitia katika kitabu chake juu ya ngano za Wabantu cha mwaka 1933, ni ya wasichana waliokwenda ufuoni kuokota kauri. Mmoja wao aliipata kauri nzuri mno, akaogopa kuipoteza, akaiweka juu ya mwamba, kisha akaisahau. Walipokuwa njiani kurudi akaikumbuka. Wenzake wakakataa kurudi naye, akarudi peke yake huku akiimba ili asiogope, na juu ya mwamba akamkuta zimwi. Zimwi likamtia ndani ya pipa, likafanya pipa hilo ngoma, likazunguka nalo miji hata miji likijipatia chakula kwa sauti ya mtoto. Sauti hiyo ndiyo iliyomwokoa, maana wazazi wake waliitambua. Zimwi likaleweshwa, mtoto akatolewa, na mahali pake pakatiwa nyuki na siafu.

Mtoto huyu ana ila zote tulizozitaja. Ni msahaulifu, ni mkaidi, anapenda kitu kizuri kupita kiasi, na hasikii la wenzake. Katika vinywa vya baadhi ya wasimulizi hadithi huishia kwa onyo kwamba mtoto asitoke peke yake, na onyo hilo ni la haki. Walakini tutazame mpango wa hadithi yenyewe. Wenzake wenye busara, waliokataa kurudi, hawana jina wala tukio. Wanakwenda zao nyumbani na hadithi inawasahau. Anayefuatwa ni yule aliyerudi. Tena wimbo aliouimba kwa kujipa moyo, jambo la kitoto kabisa, ndio uliozoesha masikio yetu kwa sauti ambayo baadaye itasikika ndani ya ngoma. Na zimwi lenyewe, likizunguka kujipatia ubwabwa kwa muziki usio wake, ni kichekesho. Mchanganyiko huu wa hofu na kicheko, na mtoto mwenye ila katikati yake, msimulizi wa pwani aliujua kabla ya mtu yeyote kuchapisha kitabu cha watoto kwa lugha hii.

Yatokea, hata hivyo, kwamba fasihi andishi haikuifuata njia ya ngano bali ya waadhi. Utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa katika visiwa vya Lamu yapata mwaka 1858 na kuhaririwa na Werner na William Hichens mwaka 1934, ni maneno ya mama mgonjwa kwa bintiye, akimweleza namna ya kuishi na Mungu, na watu na mume. Shaaban Robert naye alimtungia bintiye Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Hatuna nia ya kuzitia ila tungo hizi. Waadhi una adabu zake kama utanzu, na mama aandikaye akijua kwamba siku zake ni chache hana wakati wa kumchekesha mtoto. Tunalosema ni kwamba binti aambiwaye katika waadhi hasemi. Yeye ni sikio. Vitabu vya shule vilipokuja kumweka msichana katika hadithi vilimchukua binti huyo wa waadhi, vikampa jina na sare, na vikamwacha vivyo hivyo bila ulimi. Pale alipopewa ulimi, alipewa ili akosee mara moja tu, apate mimba au aangukie mikononi mwa mwizi, kisha kitabu kifungwe.

Kwa sadfa ya tarehe, mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1850 huko Ufaransa Bibi wa Ségur alichapisha Les Malheurs de Sophie, masaibu ya mtoto wa miaka minne amwekaye mwanasesere wake wa nta juani hata macho yakadidimia kichwani, na ajikataye nyusi zake mwenyewe. Pale pia kila kosa lina adhabu yake, na mama yu karibu kuieleza. Hivyo si kweli kwamba ukali huu ni wa Waswahili peke yao au wa Uislamu. Ulikuwa hali ya vitabu vya watoto wa kike popote vilipoanza. Tofauti ni kwamba Sophie alipewa sura nzima nzima za kukosea kabla ya kuadhibiwa, na watoto wa Kifaransa wamekumbuka makosa kuliko adhabu.

Upande wa wavulana hali ilikuwa nyingine. Abunuwasi hudanganya na kushinda. Sungura huiba na kusifiwa. Mwaka 1968 Barbara Kimenye alichapisha Moses, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Kiingereza uliosomwa kote Afrika Mashariki, juu ya mvulana na wenzake katika shule ya bweni isiyo na nidhamu, na kizazi kizima kilicheka nao. Katika Kiswahili, Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora (2001) yampeleka mvulana safarini kwa tamaa isiyo na akili, na Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba (2008) yamzungusha mvulana mwingine Tanzania nzima na ala yake. Ni vitabu vizuri. Mvulana aruhusiwa kuwa na tamaa, kupotea njia na kurudi. Tunauliza tu kwa nini dada yake, aliyesimama mlangoni akimwangalia akiondoka, aonekane katika vitabu vingi kana kwamba hakupata kuwaza jambo la kipumbavu maishani.

Sababu moja ni soko la shule. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi. Hilo liliikuza lugha kwa namna ambayo hakuna aliyetazamia, na waandishi wengi walipata wasomaji kwa ajili yake. Lakini kitabu kilichokusudiwa mtihani hupimwa kwa swali moja: hadithi hii yatufunza nini? Mfumo huo ulianza kuondolewa mwaka 2017, na mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa mwaka 2023. Swali hilo halikuondoka nao. Bado mhariri hulishika mkononi asomapo mswada, na mswada wa kuchekesha juu ya msichana mtundu huwa na jibu gumu. Watufunza kwamba kuna mtoto kama huyu. Jibu hilo halijazi nafasi katika fomu ya mhariri.

Katika hali hiyo ni ajabu kwamba kitabu cha namna tunayoitafuta kimekuwamo katika Kiswahili tangu mwaka 1940. Mwaka huo Sheldon Press ya London ilichapisha Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Bibi E. V. St Lo Conan-Davies ya kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865. Michoro maarufu ya John Tenniel ilibadilishwa ili Elisi awe mtoto wa Kiafrika. Miaka sabini na mitano baadaye, mwaka 2015, kikatoka Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS, ambaye baadaye alifasiri pia Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa jina la Peponi (2022). Wahakiki wa Kiswahili hawajavitazama vitabu hivi viwili kama fasihi ya Kiswahili. Vimehesabiwa kuwa mambo ya wafasiri na ya wakusanyaji wa vitabu adimu. Twadhani hilo ni kosa.

Tumtazame mhusika kwanza. Elisi, au Alisi, hujisifu kwa elimu asiyo nayo. Akianguka shimoni huwaza namna ya kuwaamkia kwa heshima watu wa upande wa pili wa dunia. Akijaribu hesabu, nne mara tano humpa kumi na mbili. Akijaribu jiografia, miji mikuu huchanganyika. Hulia hata machozi yake yakawa ziwa, kisha karibu azame humo. Akikutana na panya, jambo la kwanza alizungumzalo ni paka wake, na hata baada ya kuomba radhi hulirudia. Hula na hunywa kila kitu kilichoandikwa kwamba kiliwe. Hakuna hata moja katika mambo hayo liadhibiwalo na mzazi, kwa sababu wazazi hawamo. Makosa yenyewe huzaa matatizo, na kila tatizo hutatuliwa kwa kosa jingine. Mwishoni, mbele ya mahakama ya upuuzi, ni ulimi wake huohuo usio na adabu uwaambiao wakubwa kwamba wao ni karata tu. Kimbelembele chake ndicho kimwokoacho, kama sauti ilivyomwokoa yule wa ndani ya ngoma. Na katika njia yake hukutana na mtu mzima mmoja, Bibi Mkubwa wa Kiingereza, ambaye katika kila neno hutafuta funzo, na ambaye Carroll amemfanya kuwa kichekesho kikubwa. Mwalimu yeyote aliyewahi kuuliza darasani hadithi hii yatufunza nini na amsome bibi huyo kwa utulivu.

Majina ya vitabu viwili yastahili kutazamwa. Mwaka 1940 mfasiri alisema katika. Mwaka 2015, ndani ya. Katika ni neno la masafa, latosha kwa nchi, kwa mwaka na kwa jambo. Ndani ya lamtia mtu mahali penye kuta. Hatusemi kwamba wafasiri wote wawili waliyapima maneno hayo kama tunavyoyapima sisi, ila tofauti yaonyesha umbali lugha ya maandishi ilioupita. Elisi alitoka mwaka mmoja baada ya kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyoandaliwa chini ya Frederick Johnson kuchapishwa, mwaka 1939. Usanifu ulikuwa bado mpya kama nguo isiyofuliwa, na mtoto wa hadithi alivikwa nguo hiyo. Alisi wa 2015 azaliwa katika lugha iliyokwisha kuvaliwa na mamilioni ya watu na kulainika.

Tatizo kubwa la kitabu hiki kwa mfasiri yeyote si majina wala wanyama. Ni mashairi. Elisi hujaribu kukariri mashairi ya maadili aliyofundishwa, na kila mara humtoka maneno mengine: mahali pa nyuki mwenye bidii hutokea mamba mwenye tabasamu. Mtoto wa Kiingereza wa 1865 alicheka kwa sababu alikuwa amelazimishwa kukariri shairi la nyuki. Kwa mtoto wa Kiswahili asiyelijua shairi la asili, kosa halionekani. Asoma shairi la mamba akadhani ni shairi la mamba. Hapa ndipo ila ya mhusika, ambayo ndiyo roho ya kitabu, huweza kupotea yote bila neno moja kufasiriwa vibaya.

Twathubutu kusema kwamba dawa iko karibu nasi, na iko katika methali. Mtoto wa pwani hulelewa kwa methali kama Elisi alivyolelewa kwa mashairi, naye huzisikia nyingi kabla ya kuzielewa. Chukua ile isemayo, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni methali ya ukali, ya kuwaonya wazazi walegevu. Mtoto aliyeisikia nusu nusu aweza kuisoma mbele ya darasa hivi: Mchelea mwana kulia hulala yeye. Amekosea silabi mbili, na methali ya fimbo imekuwa methali ya mzazi aliyepata usingizi wake. Darasa litacheka, mwalimu atakasirika, na mtoto, ambaye kwao kuna kitoto kichanga, hataona alipokosea. Kosa la namna hii haliwezi kufasiriwa kutoka lugha yoyote. Ladai kuandikwa na mtu aliyelelewa kwa methali hiyo.

Na hapa twarudi Ndia Kuu. Mwaka uleule wa 1968 alipotoka Moses, Beverly Cleary wa Marekani alichapisha Ramona the Pest, kitabu juu ya mtoto wa kike wa chekechea asiyeweza kujizuia kuvuta nywele za mwenzake. Siku ya kwanza mwalimu amwambia akae pale kwa sasa. Kwa Kiingereza neno hilo la sasa ni neno lilelile la zawadi, na Ramona akaa kitako bila kutikisika akingoja zawadi. Kichekesho chote ni cha neno moja lenye maana mbili, na mtoto mwenye imani kamili katika mojawapo.

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya aina hiyo. Mwalimu asema, Kaa hapa. Mtoto atazama chini akimtafuta kaa. Mwandishi wa Nairobi aweza kuandika mchezo huo na kuridhika, maana katika maandishi sanifu neno ni moja. Lakini mtoto wa Mji wa Kale asomapo kwa sauti hataufahamu, kwa kuwa katika matamshi ya Kimvita kaa wa baharini ana k yenye mpumuo, na kitenzi kukaa hakina. Masikioni mwake hayo si maneno yanayofanana. Yeye, akiambiwa kaa hapa, atatafuta kaa la moto, ambalo halina mpumuo kama vile kitenzi kisivyokuwa nao, na huenda akaondosha mguu upesi asiungue. Vivyo hivyo paa la nyumba na paa wa mwituni: mtoto wa bara aweza kumwona mnyama juu ya nyumba, na mtoto wa Mvita asimwone kamwe. Maandishi sanifu hayaonyeshi mpumuo, na kwa habari za serikali na za biashara hapana hasara. Kwa kichekesho cha mtoto ni hasara ya kutosha kuua sura nzima. Kwa hiyo tusemapo kwamba twataka vitabu vya kuchekesha vya watoto wa kike, hatuwezi kuepuka kuuliza masikio ya mtoto yupi.

Ziko hoja mbili zinazoletwa dhidi ya vitabu vya namna hii, nazo zatoka pande zisizopendana. Ya kwanza ni ya wenye kulinda adabu. Wasema kwamba msichana wa mji hulelewa kwa haya na heshima, na kwamba kitabu kimchekeacho mtundu kitamfundisha utundu. Hoja hii twaiheshimu, kwa kuwa wenye kuitoa hujali malezi. Lakini wao wenyewe, wakiketi barazani, hucheka kwa machozi wakikumbushana walivyokuwa wadogo, nani aliyekula halua ya wageni na nani aliyejificha asiende chuoni. Hawaoni kwamba kumbukumbu hizo zimewaharibu. Kicheko cha nyumbani kina adabu yake: humcheka mtoto na kumweka ndani ya jamaa, hakimtoi nje. Mwandishi ajuaye kicheko hicho hatavunja heshima ya mtu.

Ya pili ni ya wapenda mageuzi, na kwetu sisi ndiyo ngumu zaidi kwa sababu twaafikiana nao katika mengi. Hao wataka msichana shujaa: ashindaye wavulana katika mtihani, akataaye kuozwa mapema, awaye daktari au rubani katika sura ya mwisho. Haja ya vitabu hivyo haina shaka. Ila tumtazame vizuri msichana huyo. Hasahau, hajisifu, hadanganyi, hachelewi. Kila alisemalo ni la maana. Ni binti wa waadhi aliyevikwa koti jeupe, na mtoto asomaye, ambaye asubuhi hiyo amevunja bilauri na kumsingizia paka, hamwoni katika kitabu mtu wa kufanana naye. Ukamilifu aliodaiwa bibi yake kwa ajili ya mume, yeye adaiwa kwa ajili ya taifa. Hatuoni kwamba mzigo umepungua uzito kwa kubadilishwa jina.

Limebaki swali la matumizi, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Lau mwandishi wa Mombasa angetaka leo kumwandika binti mtundu wa Ndia Kuu, aandike Kimvita au Kiswahili Sanifu? Hatudhani kwamba inambidi kuchagua moja na kuliacha jingine. Masimulizi yaweza kuwa ya Kiswahili Sanifu, ambayo mtoto wa Kisumu na wa Dodoma atayafuata bila taabu, na maneno ya mtoto na ya nyumbani kwao yakabaki ya Mvita. Mtoto aliyefumaniwa akicheka msikiti ukiadhini akisema, Mimi sikuteka, kitwa changu ndicho kilichoteka, hahitaji maelezo marefu. Msomaji wa bara atafahamu kwa muktadha, na atapata furaha ya ziada ya kusikia sauti isiyo yake. Tena kuteka, kwa msomaji huyo, ni kuteka maji au kuteka nyara, na hapo kichekesho cha pili chazaliwa ambacho mtoto wa Mvita mwenyewe hakikusudii.

Mifano ya kuandika sauti za nyumbani ipo. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwarekodi wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy, wakisimulia maisha yao. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1989, na maneno yao kwa Kiswahili yakachapishwa mwaka 1991. Kitabu hicho husomwa na wanahistoria na wachunguzi wa mambo ya wanawake. Mwandishi wa watoto angepata humo jambo ambalo kamusi haimpi, nalo ni mwendo wa mazungumzo ya wanawake wa Mvita wakubwa, ambao ndio waliomtilia mtoto maneno kinywani. Kwa upande wa tahajia, W. E. Taylor, aliyekusanya methali zake Mombasa na kuzichapisha mwaka 1891, alijishughulisha kuonyesha tofauti za sauti za Kimvita ambazo usanifu uliziacha, na washairi wa Mvita na Lamu wa karne ya 20 hawakukubali zisahauliwe. Alama ndogo baada ya herufi, k'aa na p'aa, yatosha panapohitajika tu, yaani pale kichekesho kinapotegemea sauti. Kuitia katika kila ukurasa kungemchosha mtoto na kuwafurahisha wanaisimu peke yao.

Wahariri watasema kwamba kitabu cha namna hiyo hakitauzika nje ya pwani. Elisi wa 1940 alitoka kwa mto wa Oxford, ambako hadithi yake ilisimuliwa kwanza kwa mdomo mwaka 1862 kwa watoto watatu ndani ya mashua, kwa mizaha ya nyumbani kwao na kwa jina la paka wao halisi, na bado kimefika hata katika Kiswahili, tena mara mbili. Gharama ya ziada kwa mhariri ni orodha ya maneno kumi au kumi na tano mwishoni mwa kitabu: mato, kitwa, ndoo kwa maana ya njoo, yeo kwa maana ya leo, na machache mengine. Neno ndia halihitaji kuwamo. Mtoto yeyote aliyepata kuitazama ramani ya Mombasa amekwisha kulisoma.